Kaka kauza shamba: siku 5 nilizoweweseka na daftari la mke wangu

Naanza na sentensi yenyewe maana ndo iliyoleta kesi yote. Jumanne usiku, wodi ya wanaume, mkono mmoja umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji, nikapiga kelele mpaka wodi ya pili wakasikia: "Kaka kauza shamba la baba! Kanileta hapa nife!" Sikusema mara 1 nikanyamaza, wanasema nilirudia karibu nusu saa, na shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa kakaa pale pale pembeni kasikia neno kwa neno. Kulipokucha ukoo mzima kuanzia Muheza mpaka Dar walikuwa nayo.

Mgonjwa mwenyewe ndo mimi. Nakieleza kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu nina bahati ambayo wengi walioweweseka hawana, mke wangu alikuwa na daftari, kwa hiyo naweza kuweka nilichokiona mimi upande huu na kilichokuwa kinatokea kweli upande ule, halafu tuone sentensi ile ilitoka wapi.

Kwanza historia. Nipo Muscat miaka 11, dereva wa gari la kusambaza maji ya kunywa. Juni 2022 nikarudi Muheza kwenye harusi ya mwanangu, yaani binti wa kaka yangu mkubwa. Nyumba imejaa wageni, usiku wa kwanza na wa pili nikalala barazani kwenye mkeka, chandarua hamna, mbu wakanila vizuri tu na mimi nacheka, nawaambia watu hawa mbu wa kwetu wananijua. Ujinga mtupu, na huo ni wangu sio wa mtu mwingine. Sisi tuliokulia sehemu za malaria mwili unajenga kinga fulani kwa kuumwa umwa tangu utotoni, haikukingi kabisa ila inazuia ugonjwa usikufikishe kubaya. Sasa ile kinga inataka kuguswa guswa, ukikaa nje miaka mingi inafifia. Mimi miaka 11 sijaugua malaria hata mara 1, nilikuwa kama mgeni kutoka Ulaya ila nina kiburi cha mtu wa Muheza, wenzangu Waomani wakija huku wanameza vidonge vya kinga kabla, mimi nikaona aibu.

Siku ya 11 homa ikaanza. Nikasema uchovu wa harusi, nikanywa Panadol. Siku ya pili yake nikatuma kijana duka la dawa aninunulie mseto, vile vidonge vya malaria, sijapima wala nini, nikameza na uji, dakika 5 nyingi nimetapika vyote. Jumamosi jioni mke wangu ndo akaona dalili ya kwanza na aliiona kabla sijatamka neno lolote la ajabu. Anasema nilikuwa nimelala chali natazama dari, vidole vinaokota okota kwenye shuka kama mtu anayetoa nyuzi, nikishika kitu nakiweka pembeni taratibu, narudi kuokota kingine. Akaniuliza unatoa nini, nikamwambia "vifungo." Shuka haina vifungo. Usiku huo nikamuuliza nani kapaki gari juu ya bati.

Jumapili asubuhi wakanipakia kwenye Noah ya jirani. Hospitali siitaji. Kipimo cha haraka mistari 2, darubini ikaonyesha vimelea vingi mno, homa 39.8, na nesi mmoja, Mungu ampe heri, akanitoboa kidole kupima sukari kabla hata daktari hajafika akakuta 2.1. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani mtu mzima mwenye malaria sukari ikiwa chini ya 2.2 hiyo peke yake inatosha kuitwa malaria kali, na ubongo hauna akiba ya sukari, ukikatiwa unaanza kufanya vituko humo humo. Wakanipa dripu ya sukari haraka na sindano ya atisuneti, dawa ya malaria kali, kipimo ni miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, mimi nina kilo 82 kwa hiyo vichupa 4 vya miligramu 60 (cha nne hakiishi chote). Saa 4 asubuhi ya kwanza, saa 4 usiku ya pili, kesho yake saa 4 asubuhi ya tatu, baada ya hapo kila siku mara 1 mpaka uweze kumeza. Zamani ingekuwa kwinini, na kwinini yenyewe inashusha sukari. Utafiti uliobadilisha hilo kwa watoto wa Afrika ulitoka 2010, watoto 5,425 wa nchi 9, waliopata atisuneti vifo vikapungua kwa asilimia 22.5 kulinganisha na kwinini, na watoto wa huku huku kwetu Muheza na Korogwe walikuwemo. Kwa hiyo kwenye tiba ya malaria sina la kulalamika, walifanya inavyotakiwa na kwa wakati.

Tatizo langu mimi lilianza sukari ilipopanda na homa ikaanza kushuka. Watu wakategemea nitarudi, sikurudi.

Sasa nieleze nilikokuwa. Sitaki mtu afikirie ilikuwa kama ndoto, ndoto ukiamka unaijua ilikuwa ndoto, inayeyuka ukiwa unapiga mswaki. Hii haijayeyuka mpaka leo. Nilikuwa kwenye jahazi, naenda au natoka Pemba sijui, na maji yalikuwa yanaingia chini ya kitanda, nayasikia kabisa yanapiga ubao, kila alfajiri yanapanda. Juu yangu kuna wavu, mimi ni mzigo uliovuliwa. Pembeni kuna mnazi mwembamba sana, una rangi ya chuma, na juu yake kuna mgema. Mgema huyu simuoni uso, naona mgongo tu na kisu, na kibuyu chake kinaning'inia, na kilichokuwa kinanitesa ni kwamba hagemi mnazi, ananigema mimi. Kamba imetoka kwenye kibuyu imeingia mkononi kwangu na kila akikata kidogo naishiwa. Nikajaribu kuchomoa ile kamba mara 2.

Halafu polisi. Walikuwa wanakuja watu 3 au 4, nguo nyeupe, wanasimama miguuni kwangu na faili, mmoja anauliza: unaitwa nani, hapa ni wapi, leo siku gani. Mimi nikajua hawa ni polisi wa Muscat wanataka kitambulisho changu cha ukaazi, kimeisha muda, nikiwajibu kweli nimekwisha. Kwa hiyo niliwajibu uongo wa makusudi, tena kwa Kiarabu. Jina nikataja la mtu mwingine kabisa. Siku nikasema Ijumaa, maana Ijumaa hawakamati watu. Ile akili ilikuwa inafanya kazi, inapanga, inakwepa mtego, ila ilikuwa inafanya kazi kwenye nchi nyingine. Kwenye faili wakaandika kachanganyikiwa zaidi.

Na la kaka. Hilo sikuliona, nililisikia. Kaka yuko upande wa pili wa ukuta anazungumza na watu, sauti yake ile ile naijua tangu utoto: "Shamba nshauza. Mgonjwa ndo nipo naye hapa. Kesho mje mchume." Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja. Shamba la baba limeuzwa, mgonjwa ni sehemu ya bei, na hao watu kesho wanakuja kunichuma. Mgema akawa na maana, jahazi likawa na maana, kila kitu kikakaa mahali pake, na naomba mniamini, sijawahi maishani kuwa na uhakika na jambo kama nilivyokuwa na uhakika na hilo.

Upande wa daftari sasa. Mke wangu hakuwa anaandika kumbukumbu, alikuwa anaandika hesabu. Ni daftari la shule la kurasa 48, kalichukua la mtoto, mwanzo kuna hesabu za kujumlisha za darasa la 3 na alama za vema, halafu ukifungua katikati inaanza: J2 kanula 2 (kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani), glavu jozi 3, dripu 4, maji ya kunywa, nauli ya Noah. Alitaka baadaye asije akaulizwa hela za michango zimekwenda wapi, wanaowajua wakwe wanaelewa. Ila kwa vile alikuwa anakesha, pembeni ya hesabu akawa anatia neno. Haya ni baadhi:

"J2 saa 4 asb sindano ya 1. Sukari 2.1. Saa 6 sukari 5.8 kafungua macho kanijua."

"J3 alfajiri wanadeki na ndoo, kashtuka anasema tunazama. Kanishika mkono nisitoke."

"J3 mchana kachomoa dripu damu nyingi. Kanula mpya 1."

"J3 jioni kaka yake kauza machungwa ya shamba lake yangali mtini 1,200,000. Kalipia dawa na kitanda. Anaongea na simu dirishani ndo mtandao unashika."

Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha hilo. Na kwa asiyejua kwetu, msimu wa machungwa mtu akisema nimeuza shamba, hajauza ardhi, kawauzia madalali matunda yaliyo juu ya miti, wao wanakuja na vijana wao kuchuma. Kwa hiyo kaka alisema kweli kabisa maneno yale niliyosikia, yote matatu. Kauza shamba, lake, sio la baba, na kauza mapema kabla bei haijakaa vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa pale. Mgonjwa nipo naye hapa, ndiyo. Kesho mje mchume, machungwa.

Ukilitazama hivyo, katika yote niliyoyaona hakuna nililolibuni toka hewani. Mnazi ni stendi ya dripu, kibuyu ni chupa, mgema ni nesi wa zamu anayerekebisha matone huku kanipa mgongo. Wavu ni chandarua, ndo hicho nilichokikataa barazani. Maji ni ndoo za kudekia saa 11 alfajiri. Polisi ni daktari na wanafunzi wake kwenye mzunguko, na yale maswali ya jina, mahali na siku ndo kipimo chenyewe cha kuangalia kama mtu yupo. Masikio yangu yalikuwa mazima, macho mazima kiasi, kilichovunjika ni ile sehemu inayosema hiki ni nini na kinanihusu vipi. Na ubongo ukikosa maana haukai kimya, unashona yenyewe kwa uzi uliopo.

Kiswahili kina maneno ya hali hii, kuweweseka, kupayapaya, maruweruwe, mauzauza, tumeyarithi kwa bibi zetu waliouguza watu, ila tunayatumia kama kwamba ni kitu kinachopita tu na homa. Madaktari wanaiita deliriamu na kwao ni hali yenye uzito wake, ubongo umeshindwa kazi kwa muda kama figo inavyoshindwa, na ina sifa zake: inaanza ghafla, inapanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, na mtu hawezi kushika uzi wa mazungumzo. Hiyo ya kupanda na kushuka ndo iliyoniponza. Asubuhi daktari akipita nimetulia, macho wazi, najibu moja moja. Usiku nageuka. Mke wangu akimwambia daktari jamani huyu usiku ni mtu mwingine, anajibiwa mbona naona ana nafuu mama. Na zile saa za kutulia hazikuwa nafuu. Deliriamu iko ya fujo na iko ya kimya, na ya kimya ndo inayopita bila mtu kuiona kwa sababu mgonjwa asiyesumbua anapendwa. Nikikumbuka mimi, kwenye zile saa za "utulivu" nilikuwa nimelala chali nimejikausha ili mgema asijue nipo macho.

Sio jambo la nadra pia. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2013 uliofuatilia wagonjwa mahututi 821, asilimia 74 walipata deliriamu wakiwa hospitali. Wale wengi walikuwa kwenye mashine za kupumulia, mimi sikuwa, lakini nilipoisoma hiyo namba nilikaa chini. Karibu robo 3 ya watu.

Jumanne sasa, siku ya mambo yote. Sindano imeingia saa 4 asubuhi kama kawaida, darubini ya Jumanne inaonyesha vimelea vimepungua sana, na Jumatano havipo kabisa. Hapo ndo shangazi alipopata hoja, na kusema kweli sio hoja ya kijinga, nimeirudia sana kichwani. Alisema: kama ni malaria, na malaria kipimo kinasema imeisha, mbona bado anapayuka? Kwa hiyo sio malaria. Na kama sio malaria, mgonjwa mwenyewe keshamtaja mtu.

Kwetu pwani hili lina mizizi. Mtu akipandwa na pepo, anasemeshwa, anataja, na anachotaja kinachukuliwa kama kimetoka mahali ambapo uongo haufiki. Degedege la watoto nalo wazee walilihesabu hivyo hivyo, ndege kapita, sio kazi ya hospitali. Shangazi hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamtafutia mtoto wa kaka yake tiba kwa njia anayoijua, na ile sentensi yangu ilimpa jina, nia na mali yenye ugomvi, polisi gani angetaka zaidi ya hapo. Jumatano akaja na kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, kwenye chupa, nesi akakataa nisinyweshwe maana mtu ambaye hajielewi ukimnywesha maji yanaweza kuingia kwenye mapafu, wakagombana kidogo mlangoni. Akaitwa ustadhi akanisomea, na hapo niseme kweli, ilinisaidia. Sio kwa namna shangazi aliyodhani pengine, lakini ilikuwa sauti moja, ya chini, inayokwenda kwa mpangilio naoujua toka madrasa, na daftari linasema nililala masaa mawili bila kushtuka, usingizi mrefu kuliko wote wa wiki ile usioletwa na sindano.

Jibu la hoja ya shangazi ni kwamba vimelea kuisha kwenye damu na ubongo kurudi ni mambo 2 tofauti, kila moja na muda wake. Malaria hii ya falsiparamu inafanya chembe za damu zenye vimelea zinagandamana kwenye mishipa midogo ya ubongo, dawa inaua vimelea, ila kilichovurugika kinahitaji siku zake kutulia. Na juu ya hapo zilikuwepo sababu nyingine zilizokuwa zinaniongezea kila siku. Sijalala usingizi wa kweli usiku 4, taa ya wodi haizimwi. Chumvi ya damu haikupimwa, mashine mbovu, na malaria kali inaweza kuishusha hiyo nayo. Jumatatu na Jumanne usiku nilichomwa diazepamu ili nitulie, dawa hiyo ina kazi yake ukipata degedege, ila dawa za jamii yake zinajulikana kwamba zinaweza kuleta deliriamu au kuirefusha, na kweli ukisoma daftari kila baada ya sindano nalala kama gogo masaa kadhaa halafu naamka mbaya kuliko mwanzo. Wala sio kwamba ipo dawa nyingine ya ajabu waliyoninyima, haloperidoli ambayo imetumika miaka na miaka kwa wagonjwa mahututi, jaribio kubwa lililochapishwa 2018 lilikuta haifupishi deliriamu kuliko dawa bandia. Na kufungwa mkono. Naelewa kwanini walinifunga, nesi 1 kwa vitanda 30 na mimi nachomoa kanula, angefanyaje, lakini mtu anayeamini katekwa ukimfunga umemthibitishia.

Ila kilichonigeuza, mimi naamini hivi, ni miwani. Alhamisi asubuhi alipita daktari kijana, intaneti wa mwaka ule, samahani, intani, yule wa mafunzo, hakuwa na haraka. Akanitazama usoni akaona vile vidoti 2 pembeni ya pua, akamuuliza mke wangu, huyu huwa anavaa miwani? Mke wangu akasema ndiyo, ninayo kwenye mkoba, niliificha isivunjike. Siku 5 miwani ipo kwenye mkoba. Mimi bila miwani mtu akiwa mita 2 ni kivuli chenye nguo. Wakanivika, kitanda kikasogezwa karibu na mlango ambako mwanga wa mchana unaingia, akasema diazepamu isitishwe, mkono ufunguliwe, na mke wangu kila nikiamka aniambie mimi nani, nipo wapi na ni siku gani, aniambie asiniulize. Hiyo tofauti ya kuambiwa na kuulizwa sijui alifundishwa wapi ila ilimaliza polisi. Kitu cha kwanza nilichokiona na miwani ni stendi ya dripu. Nikaitazama muda mrefu sana. Ilikuwa na kutu kwenye gurudumu moja.

Ijumaa nikamuuliza mke wangu harusi iliishaje. Akalia.

Jumanne iliyofuata nikaruhusiwa, na mseto wa siku 3 wa kumalizia nilikuwa nimeshauanza wodini. Watu wanadhani hapo ndo mwisho. Kumbe kisa kilikuwa hakijaanza, kwa sababu ukoo uliitisha kikao, kaka akaulizwa mbele za watu hati ya shamba iko wapi, akaenda chumbani akaileta akaitupa kwenye mkeka, akaondoka. Na mimi nilikaa pale sikumtetea. Hilo ndo linalonikereketa mpaka leo. Akili imerudi, najua siku na tarehe, nahesabu hela, lakini ile kumbukumbu ya sauti yake nyuma ya ukuta ilikuwa ngumu kuliko kumbukumbu ya kitu chochote kilichotokea kweli mwezi ule. Wiki 2 nzima nilikuwa nakula naye sahani moja na moyoni nasema huyu alitaka kuniuza. Siku moja nikachukua bodaboda kisirisiri nikaenda shamba, nikakuta vijana nisiowajua juu ya miti, matenga yamepangwa barabarani, fuso inapakia. Nikasema haya, nilisema mimi.

Ilikuwa miti ya kaka, mpaka wetu ni ule mfenesi na vijana walikuwa upande wa pili wa mfenesi, upande wake. Nilikuwa nimevaa miwani na bado sikuona.

Daftari nililisoma kwa bahati, nilikuwa natafuta jumla ya gharama ili nimrudishie kila mtu chake kabla sijarudi Muscat. Nikafika kwenye mstari wa 1,200,000. Nikausoma, nikasoma neno dirishani, nikakaa kitandani mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Kuna nchi za Skandinavia manesi wa vyumba vya wagonjwa mahututi wana utaratibu wa kumwandikia mgonjwa daftari la kila siku, apewe akipona, ili aweze kujaza mashimo na kutenganisha kilichokuwepo na ambacho hakikuwepo. Huku kwetu hamna huo utaratibu ila mke anayeogopa kuulizwa hela za michango anatosha.

Shangazi nilimsomea mwenyewe, maana hajui kusoma bila miwani na yake imevunjika. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Lakini ulimtaja." Nikamwambia shangazi, nilitaja na mgema, tumtafute mgema? Akacheka kidogo, hakuridhika. Kwa kaka nilikwenda jioni, nikamwambia nimeona hesabu, nikamwomba radhi kwa kikao. Alikuwa anakarabati pampu ya baiskeli, akaniambia yameisha hayo, shika hapa. Nikashika pampu. Pale mkononi kwake, chini ya kidole gumba, kuna alama kama nusu duara, mpya, bado nyekundu nyekundu. Nikamuuliza umefanya nini hapo. Akasema mbwa wa jirani.

Nilipita kimya. Nyumbani nikarudia daftari, Jumanne, chini ya sindano ya saa 4, baada ya glavu: "Saa 8 usiku kamuuma kaka yake mkono. Bandeji 1, spiriti, 2,000."